Unafanya Kazi Mtandaoni na Unataka Kuhamia Nje? Tazama Saa Kabla ya Nchi

Wana kusini, habari za huko? Mtwara, Lindi, Masasi, Newala mpaka Nachingwea, nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo najibu swali ambalo vijana wa nyumbani wananiuliza sana: "Kaka, kazi yangu ni ya laptopu, kampuni iko nje. Nihamie nchi gani?"

Mdogo wangu, kabla hujataja nchi, niambie mwajiri wako anafungua ofisi saa ngapi. Nasema hivi kwa uchungu, maana naona watu wanachagua kwa picha za ufukwe, na ufukwe sisi tunao Msimbati. Chukua kampuni ya London inayokutaka kazini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukiishi Kuala Lumpur, majira ya baridi ya Ulaya kazi yako itaanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku. Mwezi wa kwanza utastahimili. Mwaka mzima je? Wenzako wakitoka kazini, wewe ndiyo unaingia. Utajuana na nani?

Mimi nipo Setúbal, Ureno, kusini ya Lisbon. Saa ya hapa na ya London ni moja. Nikifunga kazi saa kumi na moja jioni, Mtwara ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea msimu. Mama yangu pale Mikindani bado hajalala, tunaongea kwa nafasi. Hilo lilinivuta kuliko kitu kingine chochote. Na samaki pia, jamani, huu ni mji wa wavuvi!

Sasa vibali. Mtu asikudanganye uje kuishi kwa viza ya matembezi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Hiyo ni siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Ureno tangu Oktoba 2022 ina viza ya watu wanaofanya kazi kwa waajiri au wateja walio nje ya nchi, wanaiita D8. Sharti lake kubwa ni kipato cha mara nne ya mshahara wa chini wa hapa. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa euro 870, kwa hiyo walitaka euro 3,480 kwa mwezi. Ni hela nyingi, siwafichi. Kama hujafika huko, usikope ili akaunti ionekane imenona. Nairobi ina saa ile ile ya Mtwara na Mtanzania anaingia bila viza, ingawa kukaa muda mrefu kwa kazi kuna vibali vyake.

Kodi ya mapato nayo watu wanaisahau. Ukikaa Ureno zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12, unahesabiwa mkaazi wa kodi, na mapato yako ya popote duniani unayatangaza hapa. Nyumba uliyopangisha Shangani, shamba la korosho Tandahimba, vyote vimo. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini, India na Italia. Ureno haimo. Muone mtaalamu wa kodi kabla ya safari.

Nyumba sasa, na hapa nisikilizeni vizuri. Nyumba nyingi za Ureno hazina mfumo wa kupasha joto. Januari unaweza kukaa sebuleni na koti, na kuvu inapanda ukutani. Kwa hiyo usisaini mkataba ukiwa Mtwara kwa kuona picha. Panga chumba cha muda mfupi kwanza, kisha zunguka mitaa kwa miguu. Ingia ndani, nusa kabati, gusa kuta za upande usiopata jua, uliza madirisha kama yana vioo viwili. Nyumba inayotazama kusini ndiyo inayopata jua la baridi. Mwenye nyumba anaweza kukudai mdhamini na kodi ya nyumba ya miezi ya mbele, jiandae. Na akikataa kuusajili mkataba kwenye mamlaka ya kodi, ondoka, kwa sababu karatasi hiyo utaihitaji kwenye ukaazi.

Intaneti ni ya faiba na ni nzuri. Lakini tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulizimika Ureno na Hispania karibu nchi nzima, kwa masaa. Power benki uwe nayo popote ulipo.

La mwisho ni lugha. Ukitaka ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano, wanapima Kireno chako. Huko kwetu kusini wapo wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma wanaokiongea kila siku. Kama una shangazi au binamu Msumbiji, mpigie jioni hii, mwombe akuanzishe na salamu na hesabu.