Julai Kabla ya Januari: Uchaguzi wa Gavana wa Georgia, 1946

Mabibi na mabwana,

Kisa cha magavana watatu wa Georgia husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Mnamo Januari 1947 jimbo hilo la Kusini mwa Marekani lilijikuta na watu watatu waliodai ugavana katika juma moja: mmoja ameingia ofisini baada ya wafuasi wake kuvunja mlango, wa pili anaendesha serikali akiwa kwenye meza ya maulizo ukumbini, wa tatu amefungua ofisi yake katikati ya jiji la Atlanta, na muhuri wa jimbo umefichwa chini ya mto wa kiti cha magurudumu. Hayo yote yalitokea, nami nitayafikia, kwa kuwa yana uzito wa kisheria na, niseme ukweli, yana utamu wake. Lakini dai langu jioni hii ni kwamba dhuluma kubwa ya uchaguzi ule ilikuwa imekwisha kutendeka miezi sita kabla, Julai 1946, mchana kweupe na kwa sehemu kubwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba mahakama iliyosifiwa kwa kuumaliza mgogoro wa Januari haikuigusa Julai hata kidogo.

Kwanza tuelewe uwanja wenyewe. Tangu miaka ya 1870 Georgia ilikuwa ikitawaliwa na chama kimoja, chama cha Democratic, na Mrepublican aliyesimama kuwania ugavana alijua kwamba anatimiza wajibu tu. Kwa hiyo uchaguzi wa kweli ulikuwa mchujo wa ndani ya chama. Uchaguzi mkuu wa Novemba ulithibitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa. Mtu akizuiwa kupiga kura katika mchujo, hata akiruhusiwa kupiga Novemba, amenyimwa kura yenye maana. Ndiyo sababu chama kiliufanya mchujo kuwa wa Wazungu peke yao, kikidai kwamba chama ni klabu ya watu binafsi nayo ina haki ya kuchagua wanachama wake.

Dai hilo lilianza kubomoka mwaka 1944, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi wa umma na hauwezi kumfungia mtu mlango kwa rangi yake. Mwaka huohuo, tarehe 4 Julai, Primus King, kinyozi na mhubiri Mweusi wa mji wa Columbus, alikwenda kupiga kura katika mchujo wa chama huko Georgia, akatolewa nje. Akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho na kushinda mwaka 1945. Chama kikakata rufaa kikashindwa Machi 1946. Na mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza zaidi. South Carolina, walipoona jambo hilo likija, walikimbilia kufuta sheria zao zote za mchujo ili chama kionekane kuwa jambo la faragha. Gavana wa Georgia wakati huo, Ellis Arnall, alikataa kuwafuata. Arnall alikuwa amekwisha kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, Georgia ikiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1945 kodi ya kura, yaani ada ambayo mtu alipaswa kulipa ili apige kura, ilifutwa. Watu Weusi zaidi ya laki moja wakajiandikisha.

Aliyejitokeza kupambana na hali hiyo ni Eugene Talmadge, aliyekwisha kuwa gavana katika miaka ya 1930 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa mwanasheria mwenye shamba, aliyepanda jukwaani akiwa na kanda nyekundu za mabegani zilizoshikilia suruali, na aliyependa kuwaambia wakulima maskini kwamba wana marafiki watatu tu duniani: Mungu, duka la Sears Roebuck na Gene Talmadge. Ahadi yake kuu mwaka 1946 ilikuwa kuurudisha mchujo wa Wazungu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa James Carmichael, aliyekuwa ameongoza kiwanda cha ndege za kivita cha Bell huko Marietta wakati wa vita. Wa tatu alikuwa E. D. Rivers, gavana wa zamani. Nisije nikawapotosha: hakuna mgombea mkubwa aliyesimama kupinga ubaguzi wa rangi wenyewe. Tofauti yao ilikuwa kwamba Carmichael alikuwa tayari kuishi na hukumu za mahakama, na Talmadge hakuwa tayari.

Sasa nawaomba tukae kidogo kwenye hesabu, maana humo ndimo mambo yote yalimokwamia. Georgia ina kaunti 159. Chini ya sheria ya mwaka 1917, mshindi wa mchujo hakupatikana kwa kujumlisha kura za watu. Kila kaunti ilikuwa na alama zake: kaunti 8 zenye watu wengi zaidi zilipata alama 6 kila moja, 30 zilizofuata alama 4 kila moja, na 121 zilizobaki alama 2 kila moja. Jumla yake ni alama 410. Aliyeongoza katika kaunti, hata kwa kura moja, alizoa alama zote za kaunti hiyo. Hivyo kaunti 3 za mashambani, zenye watu elfu chache kila moja, zilikuwa na uzito sawa na kaunti ya Fulton, ambamo sehemu kubwa ya jiji la Atlanta imo. Talmadge aliielewa hesabu hii kuliko mtu yeyote, na husemekana alijisifu kwamba hakuhitaji kura za kaunti yoyote yenye tramu.

Mashambani, hata hivyo, kulikuwa na wapiga kura wapya Weusi ambao wangeweza kuigeuza kaunti ndogo. Sheria ya Georgia ilimruhusu raia yeyote kupinga uandikishaji wa raia mwingine. Wafuasi wa Talmadge walichapisha fomu za mapingamizi kwa wingi, zikiwa tayari na sababu, kilichobaki ni kujaza jina la anayepingwa. Katika kaunti kadhaa Weusi waliitwa kwa makundi wakajieleze mbele ya waandikishaji, na maelfu wakaondolewa kwenye daftari kabla ya siku ya kura. Angalieni ustadi wake: hapakuhitajika kumfuta kila mtu katika jimbo zima, bali wachache wa kutosha katika kila kaunti ambako mizani ilikuwa karibu kulingana. Mfumo wa alama ulimfanyia mengine.

Tarehe 17 Julai 1946 wananchi wakapiga kura. Carmichael alipata kura 313,389, Talmadge 297,245. Carmichael aliongoza kwa zaidi ya kura 16,000. Kwa alama, Talmadge alipata 242 na Carmichael 146, na zilizobaki zikamwendea Rivers. Aliyeshindwa kwa watu akatangazwa mshindi, na hapakuwa na mtu wa kumshitaki, kwa sababu hapo hakuna kilichoibwa. Sheria ilifanya kazi iliyotungiwa. Yupo atakayesema kwamba Carmichael mwenyewe hakufikisha nusu ya kura zote, na ni kweli. Lakini ukizijumlisha kura zake na za Rivers unaona kwamba wengi wa waliopiga kura hawakumtaka Talmadge.

Katika kaunti ya Taylor, Maceo Snipes, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, alipiga kura siku hiyo akiwa Mweusi pekee katika kituo chake. Siku iliyofuata Wazungu walifika nyumbani kwao, akapigwa risasi, akafariki siku mbili baadaye. Tarehe 25 Julai, kwenye daraja la Moore's Ford, genge la Wazungu liliwaua kwa risasi watu Weusi wanne, wake wawili na waume zao. Mmoja wa waume hao naye alikuwa ametoka vitani. Hakuna aliyepatikana na hatia kwa mauaji ya Moore's Ford hadi leo. Haya yamo ndani ya hadithi ya uchaguzi huu, na ninashangaa kila ninapoyaona yametengwa katika sura yake, huku sura ya magavana watatu ikiandikwa kana kwamba hayakutokea.

Novemba Talmadge alisimama bila mpinzani aliyechapishwa kwenye karatasi ya kura. Lakini afya yake ilikuwa mbaya na watu wake wa karibu walilijua hilo. Walipoisoma Katiba mpya ya 1945 waliona kifungu kinachosema kwamba kama hakuna aliyepata wingi wa kura, Baraza la Kutunga Sheria la jimbo litachagua gavana kati ya watu wawili walio hai wenye kura nyingi zaidi. Wakawaomba wafuasi wachache, kimyakimya, waandike kwa mkono jina la mwanawe, Herman Talmadge, kijana wa miaka 33 aliyekuwa afisa wa jeshi la majini. Tarehe 21 Desemba, kabla ya kuapishwa, Eugene Talmadge akafariki.

Kulikuwa na njia nyingine ya kulisoma jambo hilo. Katiba ileile ilikuwa imeunda cheo cha naibu gavana, na M. E. Thompson, mtu wa kambi iliyompinga Talmadge, alikuwa amechaguliwa kukishika kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo. Na Arnall alikuwa na hoja yake: gavana hukaa madarakani mpaka mrithi wake achaguliwe na kuapishwa, na mrithi hayupo.

Baraza lilipokutana na kura kuhesabiwa, mpango wa akina Talmadge karibu uharibike. Kura za kuandikwa kwa mkono zilionyesha Carmichael ana 669, Mrepublican D. Talmadge Bowers 637, na Herman 617. Herman alikuwa wa tatu, nje ya wawili wanaotajwa na Katiba. Ghafla zikaonekana kura 58 zaidi, zote zake, kutoka kaunti ya Telfair, nyumbani kwa akina Talmadge. Zikadaiwa kuwa ziliwekwa katika bahasha isiyo yake. Sasa alikuwa na 675, wa kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1947, yapata saa 8, baraza likamchagua kwa kura 161 dhidi ya 87. Akaapishwa papo hapo, akaongoza umati hadi ofisi ya gavana. Arnall akagoma kuondoka, akimwita mjidai. Kesho yake usiku makufuli ya ofisi yalibadilishwa, nyumba rasmi ya gavana ikatwaliwa, na Arnall akahamia kwenye meza ya maulizo katika ukumbi wa jengo la serikali, ambako mtu alirusha fataki kumtisha. Tarehe 18 Januari Thompson aliapa, Arnall akajiuzulu kwa faida yake.

Kwa miezi miwili jimbo lilikuwa na serikali mbili, kila moja ikiteua maofisa wake. Ben Fortson, katibu wa jimbo, ambaye alitumia kiti cha magurudumu, aliuchukua muhuri ambao bila huo nyaraka hazikuwa halali, na kwa masimulizi yake mwenyewe akaukalia, chini ya mto. Herman alisukuma mbele muswada wa kurudisha mchujo wa Wazungu, ndiyo ahadi ya baba yake. Mwanzoni mwa Machi gazeti la Atlanta Journal lilichapisha uchunguzi wa mwandishi George Goodwin juu ya zile kura za Telfair: katika orodha ya wapiga kura walikuwamo watu waliokufa na waliohama, na majina mengi yalifuatana kwa alfabeti, kana kwamba wananchi walikuwa wamepanga foleni kituoni kwa herufi za majina yao. Goodwin alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1948.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Georgia ilitoka tarehe 19 Machi 1947, majaji 5 dhidi ya 2. Wengi hudhani ni udanganyifu wa Telfair uliomwangusha Herman. Sivyo, na hapa ndipo penye ufundi wa kisheria unaopaswa kusomwa kwa makini. Majaji walisema kwamba baraza linapata mamlaka ya kuchagua pale tu ambapo hakuna aliyepata wingi wa kura. Novemba yupo aliyeupata: Eugene Talmadge. Kifo chake hakiwezi kurudi nyuma na kuufuta wingi huo. Kwa hiyo baraza halikuwa na la kuchagua, na hata kama kura zote za Herman zingekuwa safi kama maji ya chemchemi, uchaguzi wake ulikuwa batili. Arnall alibaki gavana halali. Alipojiuzulu, naibu gavana Thompson akashika nafasi. Herman aliondoka ofisini siku hiyohiyo bila fujo.

Ni hukumu iliyo sahihi, kwa maoni yangu. Lakini tazameni ilisimama juu ya nini: juu ya uhalali kamili wa ushindi wa Eugene. Ili kumtoa mwana, ilibidi kumthibitisha baba, na pamoja naye zile alama 242 na madaftari yaliyopunguzwa majina. Hakuna upande uliofika mahakamani kuhoji hilo, kwa sababu Thompson naye alikuwa mtoto wa mfumo uleule.

Septemba 1948, katika mchujo wa kumalizia muhula, Herman alimshinda Thompson kwa kura na kwa alama. Akiwa gavana alijaribu kuupeleka mfumo wa alama hata kwenye uchaguzi mkuu, kwa marekebisho ya Katiba. Mwaka 1950 na tena 1952 wananchi waliukataa kwa kura zao za kawaida, mtu mmoja mmoja. Katika mchujo, hata hivyo, mfumo wa alama ulibaki hadi 1962, majaji wa shirikisho walipousimamisha, na tarehe 18 Machi 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauzika kwa majaji 8 dhidi ya 1. Katika hukumu hiyo majaji waliandika kwamba, kwa sensa ya 1960, alama moja ya kaunti ndogo ya Echols iliwakilisha wakazi 938, na alama moja ya Fulton wakazi 92,721. Hesabu ya namna hiyo ingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye sensa na penseli mwaka 1946. Carmichael hakuidai mahakamani. Alirudi kwenye biashara, akaongoza kampuni ya kalamu ya Scripto. Herman Talmadge, siku hukumu ya 1963 iliposomwa Washington, alikuwa katika jiji hilohilo, seneta wa Georgia kwa mwaka wa saba, na alikuwa na miaka 18 zaidi ya kukaa.