Sanduku la Kombo na mikanda ya Van Allen

ZUHURA: Karibuni tena. Kombo leo kanuna.

KOMBO: Sijanuna, mizani imenitia aibu. Juzi nafunga safari, nikaning'iniza sanduku kwenye kale kamizani ka betri. Kanasoma sifuri!

ZUHURA: Sanduku lako wewe? Lile la kubebwa na watu wawili?

KOMBO: Nikabadilisha betri, sifuri. Nikakapiga kofi, sifuri. Nikatoa viatu jozi mbili, kakazinduka: kilo 39. Kumbe mwisho wake 40.

ZUHURA: Basi hiyo ndiyo Explorer 1. Januari 1958 Wamarekani wanarusha setilaiti yao ya kwanza, kilo 14 hivi, mwanafizikia James Van Allen kaweka ndani kihesabu cha Geiger, kifaa cha kuhesabu chembe za mionzi. Ikiwa chini, inahesabu sawasawa. Ikipanda juu, kimya.

KOMBO: Imekufa.

ZUHURA: Haijafa! Carl McIlwain, mwanafunzi wa Van Allen, akachukua kihesabu cha aina hiyo, akakimulika eksirei maabara. Mionzi ilipozidi, nacho kikasoma sifuri. Chembe huko juu zilikuwa nyingi mno, hakipati hata upenyo wa kuhesabu. Ndiyo hiyo mikanda ya Van Allen: chembe za kasi zilizonaswa na sumaku ya Dunia, zikaizunguka kama mikanda miwili, wa ndani na wa nje.

KOMBO: Kilihitaji kutolewa viatu.

ZUHURA: Hebu tuje kwenye visetilaiti vilivyopima mikanda hiyo. CSSWE, ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, ilirushwa 2012. Sentimita 10 kwa 10 kwa 30.

KOMBO: Inaenea kwenye sanduku langu.

ZUHURA: Kombo! Data zake zilionyesha elektroni za ukingo wa ndani wa mkanda wa ndani zinatoka wapi. Mionzi ya anga za mbali inagonga angahewa, nyutroni zinaruka juu, zinavunjika, elektroni zinanaswa na sumaku ya Dunia.

KOMBO: Na viatu je, naviweka upande gani?

ZUHURA: Kisha mdogo wake wa chuo hicho hicho, CIRBE. Aprili 2024 akanyamaza. Mei ikapiga dhoruba kubwa ya jua. Juni akazinduka, akakuta mikanda miwili mipya katikati ya ile miwili ya siku zote, mmoja una protoni pia.

KOMBO: Yaani mlinzi kalala, wezi wamepita, asubuhi anatuhesabia nyayo.

ZUHURA: Alikuwa na vipimo vya kabla ya dhoruba. Akalinganisha.

KOMBO: Bahati hiyo. Van Allen Probes, vyombo viwili vya NASA, 2012 hadi 2019, vilikuwa vinapita ndani ya mikanda yenyewe. Hivi vyako vilikuwa chini, vinaokota chembe zinazoshuka tu.

ZUHURA: Zinazoshuka ndizo nazitaka! ELFIN, visetilaiti viwili vya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, vilipima elektroni zinavyomwagika kwenye angahewa. Usipopima zinazopotea, utajuaje mkanda unapungua vipi?

KOMBO: Utajua ukiwa ndani.

ZUHURA: Ndani utaona zimepungua, hutaona zimekwenda wapi.

KOMBO: Mimi nipe chombo kimoja kikubwa.

ZUHURA: Mimi nipe kumi vidogo.

KOMBO: Kumi vya kuzirai?

ZUHURA: Hata vitano vikizirai!

KOMBO: Sikubali.

ZUHURA: Nani kakuomba ukubali? Haya, niliandika mambo matatu ya kuwafunza wasikilizaji. La kwanza…

KOMBO: Dada, muda.

ZUHURA: Zimebaki dakika ngapi?

KOMBO: Inasoma sifuri.

ZUHURA: Toa viatu.