Sikio Kijijini, Daktari Mjini

Mwenyekiti, wauguzi na matabibu wenzangu, walimu, na ninyi wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa, asanteni sana. Nimeombwa nieleze namna picha na sauti zinavyoweza kumfikishia huduma ya masikio mtu anayeishi mbali na mtaalamu. Nitaanzia Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, kwa sababu kule kazi hii imefanywa kwa miaka mingi na imepimwa kwa uangalifu.

Vijiji vinavyohudumiwa kutoka mji wa Nome havifikiki kwa barabara kutoka miji mikubwa. Unakwenda kwa ndege ndogo, kwa boti majira ya joto, au kwa pikipiki za theluji. Watoto wa wenyeji wa huko wanasumbuliwa mno na maambukizi ya sikio la kati: maji yanajaa nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, kiwambo kinatoboka, usaha unatoka, na mtoto anakaa darasani bila kumsikia mwalimu. Ugonjwa huo tunaujua hata sisi. Nasikitika kila ninapomsikia mzazi akiambiwa kwamba sikio kutoa usaha ni utoto tu, litakauka lenyewe.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zahanati za Alaska zimekuwa zikitumia kamera nyembamba inayoingizwa kwenye tundu la sikio. Anayeishika ni mhudumu wa afya wa kijiji, mkazi wa palepale aliyefunzwa kazi hiyo. Anapiga picha ya kiwambo, anaandika maelezo, anatuma. Daktari wa masikio, pua na koo aliyeko mji mkubwa wa Anchorage anaifungua picha akipata nafasi, pengine kesho yake, kisha anajibu: mpeni dawa, msubirini kidogo, au mleteni apasuliwe. Si lazima daktari na mgonjwa waonane kwa video saa hiyohiyo. Nalitilia mkazo hili kwa sababu tukitajiwa matibabu ya mtandaoni tunawaza mara moja skrini kubwa na mazungumzo ya ana kwa ana. Mahali ambapo mtandao unakatikakatika, picha moja safi ina manufaa zaidi. Ikigoma kwenda mchana, itakwenda usiku.

Mwaka 2022 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika jamii 15 za eneo hilo. Wanafunzi wote walipimwa shuleni kwa namna moja. Tofauti ilikuwa kwa wale waliogundulika kuwa na tatizo. Upande mmoja, mzazi alipelekewa barua ya kumtaka ampeleke mtoto kliniki, kama ilivyozoeleka. Upande wa pili, mtoto alipangiwa kuonwa katika zahanati ya kijijini, na picha na vipimo vyake vikatumwa kwa mtaalamu. Waliopewa barua, takriban 32 kati ya 100 ndio waliofuatiliwa ndani ya miezi tisa. Waliopitia njia ya picha walikuwa takriban 68 kati ya 100, tena walifikiwa mapema zaidi.

Naomba mzitafakari namba hizo. Kipimo kilikuwa kilekile. Kwa hiyo shule zetu tunazozizungukia kila tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, tukapima, tukaandika barua, tukaondoka, kwa maoni yangu bado hatujazihudumia. Tumewajulisha wazazi wasiwasi, basi.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapa watu wengi hukosea. Huwezi kumpima mtu usikivu kwa kumpigia mlio kupitia simu ya video. Programu za mawasiliano zimetengenezwa kuchuja kelele, na mlio wa kipimo, kwa kuwa hauna maneno, huweza kuchukuliwa kuwa kelele ukakatwa. Na hata ukipita, hujui umemfikia kwa ukubwa gani. Inavyotakiwa, mashine ya kupimia inakuwa kwa mgonjwa, na hedifoni zilizosawazishwa, yaani zilizorekebishwa zitoe sauti kwa ukubwa unaojulikana. Mtaalamu aliye mbali anaiendesha mashine hiyo kupitia kompyuta yake. Kinachosafiri ni amri tu, na video inamwezesha kumwona mgonjwa akibonyeza kitufe. Siku hizi ziko pia programu za simu, baadhi zikiwa zimetokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Pretoria, ambazo wakati wa kupima zinaangalia kelele za chumba na kuonya zikizidi. Ila jenereta likiwa nyuma ya ukuta, chumba hicho hakifai. Sikio likiwa limeziba kwa nta, lazima mkono wa mtu uisafishe kwanza.

Hapa nyumbani Tanzania, tangu 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia watoto vifaa vya usikivu. Upasuaji huo ni mwanzo. Kifaa kinapaswa kurekebishwa tena na tena mtoto anavyojifunza kusikia, na familia ya Kigoma inaujua uzito wa nauli ya kila safari. Teknolojia ya kurekebisha kifaa kwa mbali ipo na inatumika duniani. Naililia sana ifike mikoani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba katika asilimia 93 hivi ya nchi zenye kipato cha chini, wataalamu wa usikivu hawafikii mmoja kwa kila watu milioni. Hatuwezi kuwasubiri wahitimu watutoshe ndipo tuanze.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga bajeti za wilaya, nina ombi. Kabla ya kununua kamera, andikeni jina la atakayeishika, posho yake, siku zake za mafunzo, na chumba chenye utulivu atakachofanyia kazi. Andikeni pia jina la daktari atakayejibu, na ndani ya siku ngapi. Na kwa mgonjwa asiyesikia kabisa, uso wa anayezungumza uwe kwenye mwanga, maandishi yawepo kwenye skrini, na mkalimani wa lugha ya alama alipwe kutoka fungu hilohilo.