Kompyuta Imegoma Kuingia Windows? Usikimbilie Kufomati

Habari za mchana, mafundi wenzangu, nanyi vijana mnaoanza kazi hii.

Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta ya mezani yenye alama za wanafunzi wake za miaka mitatu. Ukiiwasha, feni zinazunguka, kisha kioo kinaandika kuwa hakuna diski ya kuwashia. Alikopita kwanza aliambiwa diski imekufa.

Nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Windows, nikatazama tarehe. Ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hapo nikajua pa kuanzia. Saa ya kompyuta inategemea betri ya kidonge, CR2032, ya volti 3. Ikiisha, mazabodi (bodi kuu) nyingi za zamani husahau mipangilio kila umeme unapochomolewa, zikarudi kama zilivyotoka kiwandani. Windows ya mwalimu iliwekwa kwa mtindo wa zamani, wa MBR, na sasa mashine ilikuwa inatafuta UEFI, mtindo mpya wa kuwashia, peke yake. Nilibadilisha betri, nikarudisha mtindo wa zamani, ikafunguka. Alama zote zilikuwapo.

Hili naomba mlielewe vizuri. Katika mtindo huo wa zamani, BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni programu ndogo ya kuwashia, 64 ni jedwali la sehemu za diski, na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho, 55 AA. Zikivurugika hizo, mashine haiwaki, lakini faili za mteja ziko mahali pengine kabisa, hazijaguswa. UEFI yenyewe hutafuta faili la kuwashia kwenye sehemu yake maalumu, kwa kawaida ya FAT32.

Basi anza kwa kuchomoa flashi zote. Ingia BIOS uone kama diski inatajwa. Haitajwi? Zima, chomoa umeme, kaza waya wa data na wa umeme, jaribu tundu jingine la SATA, yaani la waya wa data wa diski.

Na tegeni sikio. Diski ya sahani (HDD) ikigonga tik, tik, tik, izimeni papo hapo, maana kichwa chake cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani. Hiyo ni ya wataalamu wa kuokoa data. Ikiwa haigongi ila inasoma kwa kusuasua, washa kwa flashi ya Linux, uinakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kwenda diski nyingine isiyo na ubovu. Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, isubiri: yenyewe ikirekebisha huandika juu ya diski, na diski mgonjwa haitaki kuandikwa.

Najua mteja amesimama mlangoni, na kupiga Windows upya ni kazi ya muda mfupi. Lakini mle ndani mnaweza kuwa na picha za mama yake marehemu. Muulizeni kwanza: kuna kitu humu ambacho hakipo kwingine?

Haya, sogeeni mezani. Tunaanza na hii isiyoonyesha diski. Nani anashika bisibisi?