Tovuti ya Mtu ni Amana

Asalaam aleikum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma. Hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kufanya biashara ya kupangisha tovuti, yaani kuziweka tovuti za watu kwenye kompyuta zetu ili zionekane mtandaoni, bila kuharibu mazingira na bila kumdhulumu mtu. Nitaanza na dhuluma, maana ndiyo iliyonifunza kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alinijia dada mmoja anayeuza mabuibui Mji wa Kale. Tovuti yake ilikuwa imezimwa. Aliyemtengenezea alilisajili jina la tovuti kwa jina lake yeye mwenyewe, na walipokosana juu ya malipo akamwambia alipe mara nne au asahau jina hilo. Jina lenyewe liko kwenye mifuko yake, kwenye kibao cha duka, na wateja wa Lamu na Zanzibar wanalijua kwa kichwa. Dada yule alilia mbele yangu. Alipoondoka nikafungua daftari langu, nikakuta wateja 31 niliowasajili vivyo hivyo, kwa jina la kampuni yangu. Sikukusudia ubaya, niliona ni wepesi tu. Lakini lau ningekufa usiku ule, warithi wangu wangerithi mali ya watu 31.

Sisi tunajua amana ni nini. Mtu anakuachia kitu chake, unakitunza, na akikitaka unampa kilivyo, hata kama mmegombana jana. Basi tovuti ni hivyo hivyo. Jina lisajiliwe kwa mwenyewe. Bei ya mwaka wa pili aijue siku ya kwanza, asivutwe kwa shilingi mia tano halafu akashtukizwa na elfu sita. Akitaka kuhama, apewe mafaili yake yote na hifadhidata yake, bila ada ya kuondokea. Na data zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mimi nasema mteja ajue siku ile ile.

Sasa nije kwenye mazingira. Seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ni jiko. Karibu stima yote inayoingia inatoka ikiwa joto, na joto hilo lazima liondolewe. Seva ndogo ya wati 200 ikiwaka mwaka mzima inakula yuniti 1,752. Hapo bado hujahesabu kiyoyozi.

Mimi nilianza na seva zangu katika chumba cha nyumba ya kupanga, Mombasa hii hii, kwenye fukuto la Machi. Kiyoyozi nimekiweka nyuzi 18 usiku na mchana, na bili yake ikaizidi ya seva zenyewe. Hewa ya chumvi nayo ikala viunganishi. Baadaye ndipo nikasoma kwamba ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa vipozaji, kinaruhusu hewa inayoingia kwenye seva ifike nyuzi 27. Nilikuwa nikilipa pesa kuipoza hewa isiyohitaji kupozwa. Nikahamia kwenye kituo cha data cha kushirikiana na wengine, na nikazima seva nne zilizokuwa zikiwaka bila kazi. Ukiniuliza ni hatua gani ya mazingira iliyo kubwa kwa kampuni ndogo, ni hiyo: zima kisichofanya kazi.

Stima yenyewe inatoka wapi? Hapa Kenya tumejaliwa. Takriban sehemu tisa katika kumi zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo na jua. Ndiyo sababu moja ya kuziweka tovuti za wateja wetu humu nchini. Tangu TEAMS na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, zilipotua Mombasa mwaka 2009, anayetutafuta kutoka nje anatufikia upesi. Lakini jioni, nchi nzima inapowasha taa, mitambo inayochoma mafuta mazito huitwa kazini, na mingine iko hapa hapa kwetu: Kipevu na Rabai. Usiku wa manane mambo hugeuka. Matumizi hushuka, na Olkaria kuna mvuke huachiwa upotee hewani kwa kukosa wa kuutumia.

Nilipolijua hilo nilitazama ratiba yangu. Bakapu zote, ile kazi nzito ya kunakili kila tovuti, zilikuwa zikianza saa mbili usiku, saa mbaya kuliko zote. Nikazisogeza hadi saa nane usiku. Haikunigharimu hata senti, na ilinifurahisha kuliko tangazo lolote.

Matangazo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Kampuni inachora jani la kijani kwenye nembo, basi. Ukiiuliza jenereta yake inakunywa lita ngapi za dizeli kwa mwezi, kimya. Mimi naandika lita zangu na yuniti zangu, na mteja akitaka kuziona anaziona. Watu wa Gazi, kule Kwale, tangu 2013 wanauza kaboni ya mikoko yao, yaani ile hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Kazi njema sana, nunueni. Ila usinunue halafu ukasema dizeli yako haikuungua.

Na hata upepo una wenyewe. Ule mradi wa Ziwa Turkana, megawati 310, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Wafugaji wa Marsabit ndio walioshtaki. Stima yao imo katika seva zangu, nami siwezi kuitaja kuwa safi bila kuwataja wao.

Nimalizie na daftari lile. Kati ya wale 31, nimeshawarudishia 28 majina yao. Watatu waliobaki simu zao hazipatikani: mmoja alikuwa na duka la vipuri Changamwe, mmoja ana madrasa Kisauni, mmoja alikuwa akikodisha mashua Mtwapa. Kama mko humu, au mnawajua, kompyuta ninayo hapa mezani. Njooni tulimalize leo.