Besi kwa Vidole au kwa Piki? Sikiliza Mkono wa Kulia

Karibuni wadau. Leo nipo barazani hapa Shangani, Mtwara, na hilo vumi mnalolisikia ni upepo wa bahari, mtanivumilia. Kama unatazama kwa simu, vaa hedifoni. Uzi wa E kwenye gitaa la besi ukipigwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiutoi mvumo huo.

Tuanze na vidole. Nasogeza kamera, tazama hapa. Dole gumba nimelilaza juu ya pikapu. Siyo gari jamani, ni hiki kisanduku cheusi chini ya nyuzi. Kidole cha shahada kinavuta uzi wa A, lakini hakiondoki kwenda hewani: kinatua kwenye uzi wa E na kutulia. Umeona? Sasa cha kati, vilevile. Shahada, kati, shahada, kati, kama mtu anatembea pole pole. Kazi yote iko kwenye kule kutua, maana kidole kikitua kinauzima uzi wa jirani. Wengi huunyanyua uzi kuelekea nje, ukirudi unagonga freti, vile vyuma vya shingoni, tak! Hiyo siyo besi, ni kufukuza kuku.

Sogeza mkono karibu na shingo, sauti inanenepa. Rudi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, inakauka. Bado hatujagusa piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, na tayari una sauti mbili.

Haya, piki. Ile nyembamba ya gitaa la solo iache, kwenye nyuzi hizi inapinda tu. Tafuta ya milimita 1 au zaidi. Ibane kati ya gumba na ubavu wa shahada, ncha ichungulie kidogo. Chini, juu, chini, juu, kwa kifundo cha mkono, kiwiko kitulie. Ila sasa hakuna kidole kinachozima nyuzi, kwa hiyo laza ubavu wa kiganja hapa karibu na daraja. Ukisahau, nyuzi zote zinavuma kama mzinga wa nyuki.

Piki inakufaa wapi? Kwenye kwaya yenye spika moja ndogo, ule mlio wa piki, *ka*, ndio utakaosikika hata mvumo wa chini ukipotea. Asikwambie mtu kwamba piki ni ya wasiojua. Carol Kaye wa Marekani alipigia piki rekodi nyingi sana, na James Jamerson wa kampuni ya rekodi ya Motown, hukohuko Marekani, alitumia kidole kimoja tu cha shahada. Wote ni walimu wetu.

Mimi namwanzisha mtu kwa vidole. Lakini msimu wa korosho kijana wangu mmoja alikuja vidole vimebabuka, alikuwa anabangua nyumbani, na yale mafuta ya ganda hayana huruma. Nikampa piki, tukaendelea. Shida ikaja alipopona: hakutaka kuiachia, ikabidi niifiche.

Zoezi la leo: mdundo wa 60 kwa dakika, uzi wa A peke yake, dakika mbili vidole, dakika mbili piki. Mwite mtu wa nyumbani akae amekupa mgongo, aseme ni lini umebadilisha. Akishindwa kutofautisha, vidole vyako vinakwaruza. Rudisha video pale kwenye kutua.