Siku nzima kwenye jeep Madeira: kisiwa cha watu waliopasua mlima

Wapendwa wangu wa nyumbani, hamjambo? Wageni karibuni, vuteni kiti. Wenyeji mnajua utaratibu: chai mezani, sauti juu, na mtoto anayepiga kelele apelekwe kwa bibi yake. Leo niko Madeira, kisiwa cha Ureno huku kwenye bahari ya Atlantiki. Ndiyo kwanza nimeshushwa mlangoni na vumbi mpaka masikioni. Nimeona nirekodi sasa hivi kabla sijaoga, maana nikishaoga nitalala na nyie mtabaki na klipu zisizo na maelezo.

Nianze na swali ambalo nilijua litakuja: kwa nini umlipe mtu akuzungushe kisiwani wakati leseni unayo na magari ya kukodi yapo? Sikilizeni. Kwenye ramani Madeira ni kitu kidogo, urefu kama kilomita 57 na upana 22. Utasema nusu siku inatosha. Lakini hiki ni kichwa cha volkano kilichochomoza kutoka chini ya bahari, na kilele chake, Pico Ruivo, kina mita 1,862. Kwa hiyo huendi mbele, unapanda na kushuka tu. Kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili genge na bahari. Ukiwa wewe ndiye dereva utarudi nyumbani umeona usukani na nyuma ya basi la watalii. Mimi nilitaka kuona kisiwa.

Saa tatu asubuhi gari likafika hotelini Funchal, ambao ndio mji mkuu. Mnaliona hapo: Land Rover ya zamani, juu wazi, nyuma mabenchi mawili yanayotazamana, abiria tumekaa magoti yakigusana kama tunagombania ugali mmoja. Paa la turubai wanalifungua, na kwenye njia za vumbi huko milimani unaruhusiwa kusimama na kushika bomba. Kwenye lami unakaa na mkanda unafunga, dereva hana mzaha na hilo.

Na dereva mwenyewe sasa. Mzee mmoja hivi, mpole, kofia ya manyoya kichwani ingawa jua linawaka. Kazaliwa hapa, kakulia Afrika Kusini. Wazazi wake walihama kama walivyohama watu wa Madeira kwa maelfu: Venezuela, Afrika Kusini, Jersey, Uingereza. Baba yake aliuza mboga Johannesburg. Yeye akarudi uzeeni kwa babu zake. Aliposikia ninakotoka akacheka, akasema, "Basi wewe na mimi tunajua kazi ya kutuma hela nyumbani." Nikampenda hapo hapo.

Kituo cha kwanza ni Câmara de Lobos, kijiji cha wavuvi, boti za rangi zimepandishwa ufukweni. Winston Churchill alikuja hapa mwaka 1950 akakaa akachora picha ya bandari, na hadi leo wanalitaja jina lake kama vile aliondoka jana. Kilichonivutia mimi ni samaki wao mweusi, mrefu kama mkanda, macho makubwa na meno ya kutisha, wanamwita espada. Anaishi kina kirefu sana, wavuvi wanamfuata usiku kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Sokoni utamwona amelala anang'aa kama bati lililopakwa lami. Mezani wanampika na ndizi, na msiniulize ilikuwaje wazo hilo likaja, ila sahani niliifuta.

Cabo Girão nitapita haraka. Ni genge la mita 580 hivi juu ya bahari, na tangu 2012 wameweka sakafu ya kioo ili usimame uone chini ya viatu vyako. Watu wamejazana, kila mtu anapiga picha ya miguu yake. Angalieni chini kabisa badala ya kuangalia kioo: kule ufukweni kuna vishamba, vimekatwa ngazi ngazi. Dereva alituonyesha kwa kidole akasema watu wamelima hata pale. Hapo ndipo siku yangu ilipoanza kweli, kwa sababu baada ya pale niliacha kutazama mandhari nikaanza kutazama kazi.

Tukaiacha lami, tukaingia kwenye msitu wa mikaratusi, gari linaruka, dada mmoja Mjerumani anapiga kelele za furaha, mumewe amefumba macho. Kisha dereva akazima injini. Kimya. Ukasikia maji.

Hebu tazameni hii klipu vizuri, nimeiacha ndefu makusudi. Mnaona mfereji huu? Upana wake mtoto anauruka. Umejengwa kwa mawe na saruji pembezoni mwa mlima, na maji yake hayakimbii, yanatembea tu. Nilidondosha jani nikatembea nalo sambamba, mwendo wa mtu asiye na haraka. Wanauita levada. Kisiwa kizima kina zaidi ya kilomita 2,000 za mifereji hii. Kisiwa cha urefu wa kilomita 57, jamani! Maana yake imezunguka kila mlima, ikaingia kila bonde, mingine imepita ndani ya mwamba kwenye vishimo ambavyo lazima uinamishe kichwa.

Sababu yake ni upepo. Pepo zinavuma kutoka kaskazini mashariki, zinagonga mlima, zinapanda, zinapoa, zinageuka mawingu na mvua upande wa kaskazini. Zikivuka kileleni zimeshamwaga mzigo. Kwa hiyo kaskazini ni maji na ukungu, kusini ni jua. Na miwa na ndizi zinataka jua. Basi watu wakaamua: kama mvua haiji kusini, tutaileta kwa mkono.

Wale wenzangu mnaotoka Kilimanjaro najua mmeshatabasamu. Huu si mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kunyweshea mashamba? Ni mfongo kabisa, ule ule mliouachiwa na mababu, na taratibu zake zinakaribiana. Kuna mtu wa kazi hiyo anaitwa levadeiro, anatembea na mfereji wake, anaondoa majani na mawe, na kugawa maji. Kila shamba lina saa yake. Dereva alituonyesha pale mfereji unapochepuka: kipande cha bati kimekaa kwenye mfuo wa jiwe, pembeni tambara limesokotwa kuziba upenyo usivuje. Zamu yako ikiwa saa tisa usiku, unaamka saa tisa usiku. Akasema mama yake mdogo na jirani yake waligombana miaka kwa ajili ya maji ya robo saa. Hilo nalo si geni kwetu.

Sasa hapa nilimuuliza swali. Alikuwa ameeleza vizuri sana jinsi Wareno walivyofika karibu mwaka 1419, jinsi walivyopanda miwa, na jinsi kabla karne ya 15 haijaisha kisiwa hiki kilivyokuwa kikiilisha Ulaya sukari, kabla ya Brazil kuchukua nafasi. Nikamuuliza, nani alichimba? Mzee akanyamaza kidogo akiangalia maji. Akasema, "Watumwa. Kutoka visiwa vya Canary na kutoka Afrika. Na maskini wetu pia." Akaendelea kueleza jinsi wachimbaji walivyokuwa wakining'inizwa gengeni kwa kamba, mkononi nyundo na tindo, na kamba ikikatika ndiyo basi.

Sikumuuliza ili nimuumbue, na yeye hakukwepa. Lakini nawaambia kitu kimoja: ukija ziara kama hii, uliza. Maelezo ya kila siku yanasema "mifereji ilijengwa", kana kwamba ilijijenga. Mfumo wa mashamba ya sukari na watumwa ambao baadaye ulitapakaa ng'ambo ya Atlantiki ulijaribiwa mapema kwenye visiwa kama hiki. Mtu wa Afrika akisimama pembeni ya maji yale ana haki ya kujua anatazama mkono wa nani. Mimi niliingiza vidole. Baridi mpaka mfupani.

Tukapanda. Encumeada ni kama mlango kati ya kusini na kaskazini, mita 1,000 na kidogo, na siku ikiwa safi unaona bahari pande zote mbili. Sisi tuliona bahari ya kusini tu, kule kwingine kulikuwa na ukuta wa wingu unamwagika juu ya mlima taratibu kama maziwa yanayofurika. Juu zaidi kuna Paul da Serra, ardhi tambarare ambayo huitarajii, mitambo ya upepo inazunguka na ng'ombe wamelala katikati ya barabara. Dereva akapiga honi. Ng'ombe akamtazama. Tukazunguka sisi.

Na kisha Fanal. Jamani, Fanal. Picha nilizokuwa nimeziona mtandaoni nilidhani zimechezewa. Hazikuchezewa. Ukungu umeshuka, huoni mita 20 mbele, na ndani yake miti mizee inatokea mmoja mmoja, imepinda na kujikunja, magome yamefunikwa kijani laini mpaka huoni mbao, kangaga zimeota juu ya matawi. Mti wenyewe wanauita til, na dereva alisema mingine ilikuwepo kabla Mreno wa kwanza hajatia nanga. Ni sehemu ya msitu wa Laurissilva, masalia ya misitu iliyofunika kusini mwa Ulaya mamilioni ya miaka iliyopita. Huko kwingine ilikwisha, huku ikabaki. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999.

Nikaenda chini ya mti mmoja nikasimama. Mvua hakuna, lakini kichwa kinalowa. Tone, tone, tone. Majani yanakamata ukungu, ukungu unageuka maji, maji yanadondoka, ardhi inanywa. Hayo ndiyo yanayokwenda kutokea kule kwenye mfereji. Yaani ule mfereji wa asubuhi huanzia kwenye jani. Ukikata msitu huu, ndizi za kusini zitakuwa hadithi. Dereva alitwambia tusipande matawi wala tusikanyage mizizi, na kijana mmoja wa kundi lingine aliyekuwa amekaa juu ya tawi akipigwa picha alishushwa kwa sauti ambayo sikujua mzee anayo.

Huko juu kulikuwa na baridi ya kweli. Yule Mjerumani alikuja na kaptula kwa sababu Funchal kulikuwa na jua, magoti yakawa zambarau. Njooni na koti la mvua, sweta, na chini yake vazi la kuogelea, vyote siku moja. Na mwenye kichefuchefu akaombe kiti cha mbele mapema, maana yale mabenchi ya pembeni kwenye kona hayana huruma.

Chakula cha mchana Porto Moniz, kwenye mabwawa yaliyofanywa na lava ilipokutana na bahari. Watu wanaogelea, mawimbi yanapiga nje ya ukuta wa mwamba mweusi. Pazuri, pamejaa, nikala mkate wao wa bolo do caco uliopakwa siagi ya kitunguu saumu nikawaacha waogeleaji na mambo yao. Mkate ule umewekwa viazi vitamu ndani ya unga. Nilikula miwili.

Kurudi tukapita pwani ya kaskazini, Seixal kwenye mchanga mweusi hadi São Vicente. Kwenye klipu mnaona barabara ya zamani, ile iliyochongwa ubavuni mwa genge, nyembamba, maporomoko ya maji yalikuwa yanaanguka juu ya magari. Sasa imefungwa sehemu nyingi, imekwisha na mawe. Ureno ilipoingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 fedha zikaja, wakatoboa mahandaki kila upande. Tulizama kwenye handaki moja la kama kilomita tatu tukatokea upande wa kusini kwenye jua, dakika chache tu. Dereva anasema utotoni safari hiyo ilikuwa ya kutwa na watoto walitapika njia nzima.

Haya, mambo ya fedha. Mimi nililipa yuro 60, chakula mbali. Ulizeni mapema kama chakula kimo, na kama kundi halizidi watu wanane. Madeira ni Ureno, kwa hiyo viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha, na anayetoka Lisbon hapiti uhamiaji tena. Ila msiweke jeep siku mnayofika. Uwanja wa ndege umepewa jina la Cristiano Ronaldo, mtoto wa hapa, na sehemu ya njia yake ya kurukia imesimama juu ya nguzo ufukweni. Upepo wake ni mkorofi, marubani wanahitaji mafunzo maalumu kutua pale, na ndege kuelekezwa kwingine ni jambo la kawaida.

Video ijayo naenda Curral das Freiras, kijiji kilicho chini kabisa ya bonde, ambako masista wa Funchal walikwenda kujificha pale maharamia walipovamia mji wao mwaka 1566. Mwenye swali la viza au nauli aliandike hapo chini, nitajibu yote. La kuolewa lini, shangazi, hilo sijibu.